Nilienda Doha, Nikafika Kawangware

Nilitaka kuhama nchi kwa sababu barabara ilitiwa lami. Nikisema hivyo watu hucheka, lakini mfanyabiashara atanielewa. Nauza mapazia ya mitumba kando ya barabara, pale Kibera inapokutana na Ayany, na zamani barabara hiyo ilikuwa na mashimo mazuri sana. Gari likipunguza mwendo kwenye shimo, mama aliye ndani anageuza shingo, anaona pazia la maua, anamwambia mzee wake asimame. Kisha wakaja watu wa lami, wakafunga mashimo yote, na wenye magari wakaanza kupita mbio kama wamefukuzwa. Nikabaki na wapita njia wa Kibera. Mpita njia wa Kibera ni mtu mzuri, lakini ana dirisha moja.

Juu ya hilo, binti yangu Mercy alikuwa ameingia sekondari. Baba yake tuliachana zamani. Ahadi zake zilishuka bei kila mwaka mpaka nikaacha kuuliza. Kwa hivyo niliposikia kuna ajenti anayepeleka watu Doha kufua mashuka ya hoteli, nikajiambia: kitambaa nakijua, maji nayajua, jua nalijua. Kumebaki ndege tu.

Ajenti aliitwa Bwana Deno. Ofisi yake ilikuwa Kawangware 56, kwenye stegi ya matatu, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la hadiwea. Nilimpa pasipoti yangu, akaitia kwenye droo bila kuifungua. Swali lake la kwanza halikuwa umri wala afya.

"Madam, watu wako washakuaga?"

"Bado."

"Waambie wakuage. Mambo yako karibu."

Nilimwona kama mtu anayeheshimu wazazi wa wengine. Nilitoka pale nikimsifu.

Jumapili baada ya ibada, nikaagwa. Niwaeleze wasomaji ambao hawajaishi kwetu. Mtu wa Kibera akipata safari ya ng'ambo hatoki kimya kimya. Kina mama wa kanisa wanashona sare, mchungaji anamwekea mikono, sanduku la magurudumu linanunuliwa kwa mchango, na kila mtu anapita mbele kutia kitu ndani huku wote wakitazama ametia nini. Na haya yote hayangoji viza. Viza ina siku zake, lakini kina mama wana harusi Jumapili ijayo na chama cha akiba Jumapili ile nyingine. Mtu anaagwa siku ambayo watu wana nafasi. Viza itajipanga.

Awino, jirani yangu wa kibanda anayeuza viatu, alitia omena, dagaa wa ziwani, ya kukaanga. "Huko wakikulisha wali kila siku," akasema, "hii itakukumbusha wewe ni nani." Mama Linet alitia taulo jekundu, kubwa kama blanketi, na alilikunjua kwanza ili watu wa nyuma walione. Yeye alikuwa na haki ya kujionyesha. Binti yake Linet alikuwa Doha tangu mwaka uliopita, na kila mwezi alikuwa akituma kitu.

"Ukifika tu mtafute Linet wangu," akaniambia mbele ya kanisa zima. "Uliza mtu yeyote, wanamjua."

Mercy hakulia. Tulikuwa tumekubaliana abaki kwa Awino. Alinishika mkono wa gauni jipya, akauliza, "Mum, ni lini unarudi?"

"Miaka miwili."

"Na ukitaka kurudi kabla?"

Kina mama walikuwa wameanza kuimba. Nikajifanya sijasikia.

Ayany, saa nane mchana. Walinisindikiza kwa nyimbo mpaka kwenye lango la estate, ambapo gari la Bwana Deno lilikuwa linangoja. Watu wa Ayany walitoka kwenye baraza kutazama. Nilipunga mkono kama mke wa mbunge. Vigelegele vilipigwa mpaka tukakata kona.

Tulipofika barabara ya Ngong, nikakaa sawa, maana kutoka hapo unakata kulia kuelekea mjini na baadaye uwanja wa ndege. Gari likakata kushoto.

"Dereva," nikamwambia, "uwanja wa ndege uko ile upande."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa sisi tunaenda hii."

Tukapita Dagoretti Corner, tukaingia barabara ya Naivasha, na kabla sijamaliza kupanga maneno ya kugombana nikaona ile hadiwea, na mabati yamepangwa nje, na kijana anakata chuma kwa grainda, cheche zikiruka. Safari yangu ya kwanza ya ng'ambo ilikuwa imeisha. Viatu vyangu vipya hata vumbi havikuwa vimeshika.

Kawangware 56, nyuma ya hadiwea. Kulikuwa na ploti ya vyumba vya mabati, na kwenye bomba alikuwa ameketi mwenye ploti, Mama Wambui, amevaa kofia ya sufu kwenye jua hilo. Alitazama sanduku langu, akatazama gauni langu la kitenge, akahamisha mtungi upande.

"Karibu Doha," akasema, na hakucheka. "Choo ni ile ya mwisho. Maji unanunua kwangu."

"Tunalala hapa leo tu? Kesho si tunasafiri?"

"Wee! Nani amekwambia kesho?" Akafungua bomba. "Hiyo ndege yenu, sijui inabebanga changarawe. Kila siku inajaza na haijai."

Nikasukuma mlango alionionyesha. Ndani mlikuwa na wanawake watano, magodoro, na masanduku ya magurudumu yamepangwa ukutani kama kwenye duka. Mmoja alikuwa ameinamia beseni, anasuuza nguo. Alipoinua uso nikaona pua ya Mama Linet.

"Linet?" nikasema. "Si wewe uko..."

"Niko," akanikatiza. "Mama Mercy, tafadhali. Niko."

Nikakaa juu ya sanduku langu.

Siku zilizofuata nilijifunza mambo ya nyumba hiyo. Wote walikuwa wameagwa, mmoja Kibera, wengine hapo hapo Kawangware upande wa pili wa stegi, mmoja Kakamega, na huyo walimchinjia ng'ombe. Kila mmoja aliletwa akaambiwa angoje kidogo. Vipimo vya afya virudiwe. Kampuni imebadilisha meneja. Ndege imejaa. Na kwa kuwa mtu aliyeagwa kwa ng'ombe hawezi kurudi akasema ndege imejaa, walibaki. Linet alikuwa amebaki muda mrefu kuliko wote. Asubuhi alivuka kwenda Lavington kuwafulia watu nguo, na mwisho wa mwezi alimtumia mamake pesa za Doha.

Doha yenyewe ilikuwa kwenye kona. Walikuwa wamepaka kipande cha ukuta rangi nyeupe, upana wa mabega ya mtu, wakaweka maua ya plastiki na pazia. Anayetaka kupiga simu ya video nyumbani anajipangusa uso, anakaa hapo, na wengine wananyamaza.

"Nani yuko Doha?" mtu anauliza mlangoni.

"Linet ndiyo ameingia. Ngoja amalize."

Mimi nililitazama pazia. Lilikuwa la polista nyepesi, la bei ya mwisho kabisa, limefungwa kwa misumari miwili na linalegea katikati.

"Hakuna hoteli ya Doha inaweza weka hii," nikawaambia. "Mnaaibisha nchi ya watu."

Nikalifunga upya, nikatia marinda. Wakapiga makofi. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ng'ambo.

Siku moja nilikuwepo Linet akizungumza na mamake. Amekaa wima, anatabasamu, na nje muuza mayai ya kuchemsha akapita anaita kwa sauti yote aliyopewa na Mungu, "Boilo! Mayai boilo!"

Mama Linet akasogeza sikio kwenye simu. "Hata huko wanauza mayai boilo?"

"Wakenya wako kila mahali, mathe," Linet akajibu, bila kupepesa jicho.

Tulicheka tukaumwa na mbavu alipokata simu. Yeye alicheka pia, halafu akageukia ukuta akawa anakunja nguo ambazo zilikuwa zimekunjwa.

Wiki ya tatu, alasiri, zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimeikwepa kwa kusingizia mtandao. Nikajipangusa, nikaketi kwenye ile rangi nyeupe, nikampigia Mercy.

"Mum! Hebu geuza simu nione bahari."

"Bahari iko mbali na kazi."

"Nione dirisha basi."

"Dirisha limefungwa. Joto."

Akanitazama. Grainda ya hadiwea ikaanza kulia, ikalia weee, ikanyamaza.

"Sawa, mum," akasema.

Mwenzangu, kama una mtoto utaelewa. Mercy nimemlea kwenye kibanda. Nimemfunza tangu akiwa na miaka sita kwamba bei ya kwanza haikubaliwi, hata ikiwa nzuri, hata kwa adabu tu. Akiambiwa "hakuna" huuliza "kwa nini". Na sasa alikuwa amenitazama usoni, akajua, akakubali bei ya kwanza ili nisiaibike. Nikatoka kwenye ile kona nikaenda kukaa nje karibu na bomba, na Mama Wambui akaniuzia maji ambayo sikuwa nimeomba.

Asubuhi iliyofuata nikapanda kwa Bwana Deno.

"Ah, Mama Mercy, nilikuwa nakutafuta," akasema. "Mambo imeiva. Ile hoteli ilikataa, lakini nimekupatia mahali pazuri zaidi. Familia. Ni nyumba moja tu, watoto wanne, nchi jirani na hapo."

"Mimi ni wa kufua hoteli."

"Kufua ni kufua."

"Siku ya kupumzika?"

"Mtaelewana na wao."

"Simu yangu nitakuwa nayo?"

"Wenyewe wataamua."

"Nikishindwa, nikitaka kurudi, nani ananirudisha?"

Hapo alinitazama kama nimeuliza bei ya msikiti. "Urudi kwani umeenda? Mama Mercy, wewe ni mtu mzima. Ulisindikizwa na kanisa. Dereva wangu alikuona kwa hiyo gari ukipunga mkono. Sasa utarudi Kibera na uso gani?"

Niliangalia mdomo wake unavyokwenda, na ndipo hesabu ikanitoka sawa. Nikairudia, ikatoka vile vile. Kastoma akija kwangu akaniambia wakwe wanafika kesho na dirisha liko wazi, mimi sipunguzi hata shilingi. Kwa nini nipunguze? Ameshaniambia hawezi kuondoka bila pazia. Bwana Deno alituuliza sote swali lile la kuagwa kabla ya kitu kingine chochote, na si kwa heshima ya wazazi. Alikuwa anataka kujua nani hana mahali pa kurudi. Mtu wa namna hiyo unambadilishia hoteli ikawa nyumba, siku ya kupumzika ikawa ya kuelewana, na atasema asante.

"Nipe pasipoti yangu," nikasema.

"Utalipia gharama za kukaa kwanza. Na usumbufu."

"Chumba tunamlipa Mama Wambui sisi wenyewe."

"Basi usumbufu."

"Usumbufu bado hujauona," nikamwambia, nikashuka.

Saa nne, kwenye ngazi za Bwana Deno. Sikupiga kelele wala kwenda kutafuta mtu mkubwa, kwa sababu watu wakubwa siwajui. Nilifanya kazi ninayoijua. Nililiburuta sanduku langu mpaka mguu wa ngazi, pale mtu yeyote anayepanda ofisini lazima apite, nikatandaza shuka, nikafungua.

"Haya, haya, haya! Vitu vya Doha ambavyo havikuona Doha! Taulo jipya! Shuka haijalaliwa! Sabuni haijafunguliwa! Ajenti yuko juu, bei iko chini! Kuja uone!"

Kawangware 56 haihitaji kuitwa mara mbili. Kina dada wa saluni wakatoka na vitana mikononi. Yule wa grainda akazima mashine. Watu wakainama, wakashika, wakauliza.

"Mathe, kwa nini unauza na ni mpya?"

"Niliagwa nazo. Nilikuwa naenda Doha."

"Na ulirudi lini?"

"Bado sijaenda. Nimekaa hapo nyuma ya hadiwea. Pasipoti yangu ndiyo iko juu, inafanya kazi ya ofisi."

Wakacheka, na kicheko kinaita watu kuliko mimi. Mama Wambui akaja na kofia yake, akaishika ile shuka, akaitazama kwenye jua kutafuta tundu.

"Mia."

"Mama Wambui, hata leo?"

"Leo ndiyo siku. Una haraka."

Nilimpenda kwa hilo. Angalau yeye alisema wazi. Tukapigana bei mpaka akaichukua kwa bei ya haki, na watu walisimama kutazama kama mpira.

Kisha wakafika wasichana wawili na mama yao, wamevaa vizuri, bahasha mikononi, wanauliza ofisi ya Bwana Deno. Watu wakapisha. Mama akanitazama, akatazama sanduku, lililofanana kabisa na lile alilokuwa amewanunulia wasichana wake. Nilijua kwa vile alivyolitazama.

"Ni hapo juu," nikamwambia kwa upole. "Atawauliza kama mmeagwa. Mseme bado, na akiwaambia muagwe msikubali. Na pasipoti muishike kwa mkono, akitaka kuiona aione mkononi."

Hapo Bwana Deno akashuka.

"Mama Mercy, panda juu tuongee kama watu."

"Nina wateja."

"Unaniharibia jina."

"Jina sijaliweka kwa bei. Nauza taulo." Nikaliinua lile jekundu la Mama Linet, nikalikunjua lote, na watu wa nyuma wakaliona. "Nani anaanza?"

Yule mama mwenye wasichana alikuwa hajapanda. Alikuwa amesimama, amewashika mikono. Bwana Deno akamtazama, akanitazama, akarudi juu mbio. Aliporudi alikuwa na pasipoti. Niliifungua pale pale. Picha ni yangu. Nikaifunga, nikaifungua tena. Bado ni yangu.

"Asante kastoma," nikamwambia. Watu wakashangilia kama nimefunga bao.

Linet alikuwa mlangoni mwa ploti, mikono ina povu. Nilimwendea.

"Twende nyumbani. Leo. Sasa hivi."

"Siwezi, Mama Mercy. Wewe umekaa wiki tatu, hiyo ni kama kwenda ushago, kijijini, ukarudi. Mimi nimekaa sana." Akajipangusa kwenye leso. "Usimwambie mathe."

"Sitasema. Lakini akiniuliza sitadanganya."

"Hatakuuliza. Ako na raha."

Mama Wambui, aliyekuwa ameshika shuka yake, akanishauri jambo la busara. "Ngoja giza liingie kidogo. Halafu unaingia huko Kibera polepole, asubuhi watu wanakupata tu uko. Hakuna wa kuuliza."

"Niliondoka mchana," nikamwambia.

Barabara ya Naivasha, saa saba na jua la utosi. Nilitembea. Sanduku lilikuwa jepesi na magurudumu yake yanapiga kelele kwenye mawe, krr krr krr, ya kutosha kuwatangazia walio ndani ya nyumba. Dagoretti Corner nikanunua mahindi ya kuchoma nikala nikitembea. Kwenye barabara ya Ngong wafanyabiashara wenzangu waliniuliza natoka wapi. Nikasema Doha. Wakaniuliza joto likoje. Nikasema la kawaida.

Kwa kweli niliogopa. Nisiseme uongo. Tulipokata kona kushuka Ayany, mimi na sanduku langu, miguu ilitaka kwenda njia ya nyuma, ya kupitia relini. Niliishika. Watu wale wale walikuwa kwenye baraza zile zile. Mmoja, fundi wa cherehani, akasimama.

"Aai! Mama Mercy! Kwani Doha ni karibu hivyo?"

"Karibu kuliko deni lako la pazia."

Kicheko cha kwanza kilipita, nikaona sijafa. Cha pili kilikuwa rahisi. Kufika Kibera nilikuwa na kundi nyuma yangu, wanauliza, wanatania, na mimi najibu wote kwa sauti: nilikuwa Kawangware, nilidanganywa, nimerudi, pasipoti ninayo, pazia ni kesho asubuhi. Niliyasema mwenyewe kabla mtu hajapata nafasi ya kunong'ona juu yangu. Mercy alitoka shuleni akanikuta kwa Awino. Alisimama mlangoni na begi mgongoni.

"Kwa nini?" akauliza.

Nilifurahi kusikia hilo neno kuliko vigelegele vyote vya Jumapili ile. Nikamweleza yote, na kila nilipofupisha akauliza tena.

Awino, kwa upande wake, alikuwa amepanga viatu kwenye nafasi yangu yote mpaka ukutani.

"Niliilinda kwa kuikalia," akasema.

"Sasa inuka nione kama bado iko."

Tulibishana mpaka jioni. Mwisho tukakubaliana: mapazia juu kwenye kamba, viatu chini. Na jambo la ajabu, anayeinama kutazama kiatu akiinuka anapigwa na pazia usoni. Tumeuza vizuri zaidi kuliko wakati wa mashimo.

Jumapili, nje ya kanisa, ndipo bei kubwa ilipolipwa. Mama Linet alinijia na wenzake wawili. Nilikuwa nimeshamwambia kuhusu taulo. Alichouliza tu ni nililiuza kwa ngapi, na aliposikia akasema nilipunjwa. Sasa alikuwa na jingine.

"Si kila mtu anaweza maisha ya nje," akasema, na alisema taratibu ili lisikike. "Inataka moyo. Linet wangu hata siku moja hajalalamika."

Wenzake walitikisa kichwa, wakinihurumia mimi. Ningeweza kusema neno moja. Lilikuwa mdomoni, limeshajipanga, na Mungu anajua lingeniosha mbele ya watu wote. Nililimeza. Nimewahi kuuza pazia kwa hasara nikiwa na njaa, na haikuwa ngumu hivyo.

"Ni kweli, Linet ana moyo," nikasema. "Ukimpigia, mwambie mlango wenu uko wazi."

"Mlango gani?"

"Wako, Mama Linet. Mwambie tu uko wazi. Mchana pia."

Alinitazama. Kisha akaangalia kando, kule njia inakopanda kwenda barabara ya Ngong.

Nilichojifunza nitakisema kifupi. Bado nataka kwenda. Msiniwekee maneno ya watu waliochoka na ng'ambo bila kuiona. Nataka ndege, nataka hiyo hoteli na mashuka yake, na siku moja nitaipata. Lakini mtu haendi kupatana bei akiwa amefungiwa mlango wa nyuma. Na waliomfungia si ajenti peke yake. Ni sisi, kwa nyimbo na mapenzi mengi, tukimuaga kana kwamba kurudi ni kosa. Mtu akienda na jamii yake ikamwambia "ukiona vibaya rudi kesho, tutacheka siku mbili halafu tutanyamaza", huyo hata ajenti atamwogopa.

Alhamisi iliyopita, saa tano, kina mama wa kamati walipita kibandani na mfuko wa mchango. Everlyne, yule mdogo anayeuza chapati karibu na reli, anaagwa Jumapili hii. Alikuwa pamoja nao, amevaa aibu na furaha.

"Viza imetoka?" nikauliza.

"Iko karibu."

"Na pasipoti iko na nani?"

Akataja ofisi. Haikuwa ya Bwana Deno, ila ilikuwa stegi ile ile, ghorofa ile ile, mlango wa pili.

Kamati ikaangaliana. Mwenyekiti akakohoa, akasema Jumapili ndiyo watu wako na nafasi. Nikaanza kushusha mapazia kwenye kamba.

"Mama Mercy, unafunga saa hizi? Siku ya soko?"

"Everlyne akishika pasipoti yake mkononi, nitachanga mara mbili. Kawangware si mbali, nimeishi huko. Nani ana kitu cha kuuza?"

Walicheka wakidhani natania. Kisha Awino akachukua jozi za viatu akazifunga kwa kamba akatupa begani. Everlyne akaenda kuchukua deli, ile ndoo yake ya chapati. Mwenyekiti alisema maneno mengi ya kukataa huku akifuata. Tulipofika lango la Ayany niligeuka nikatuhesabu, halafu nikahesabu tena kwa sababu tulikuwa tumeongezeka mmoja. Wanawake saba, na kila mmoja amebeba kitu cha kutandaza kwenye ngazi za watu, isipokuwa wa mwisho. Wa mwisho alikuwa Mama Linet. Hakuniuliza tunakwenda wapi, na mimi sikumwambia. Mkononi alikuwa na sufuria ndogo iliyofungwa kwa leso, chakula cha mtu mmoja, na alikuwa anatembea haraka kutushinda sote ili kisipoe.